Viza za Kazi Zilizovunja Rekodi

Kijana wa Afrika Mashariki mwenye cheti mkononi ana milango mingi ya kubisha: Berlin, Doha, Toronto, au hapa jirani Kigali. Ukisikiliza matangazo ya mawakala, yote iko wazi na yote inaelekea neema. Historia ya viza za kazi ina mengi zaidi ya hayo, mazuri na machungu. Hapa nimekusanya rekodi zake: kongwe, ghali, pana, nyembamba, za haraka na za kungoja miaka. Kila rekodi nimeiuliza swali moja, ambalo naamini ndilo linalomgusa mwombaji kuliko yote: kazi ikiisha, mwenye viza anabaki na haki gani?

Miongoni mwa kongwe kabisa: barua ya mfumaji, 1331

Kuwaita mafundi wa kigeni ni jambo la kale kuliko pasipoti tunazozijua. Mwaka 1331 Mfalme Edward III wa Uingereza alimpa John Kempe, mfumaji wa nguo za sufu kutoka Flanders, barua ya ulinzi. Uingereza ilikuwa na sufu tele, lakini nguo bora zilifumwa ng'ambo. Barua ile ilimruhusu Kempe kuja na watumishi na wanagenzi wake, kufanya ufundi wake na kuwafundisha waliotaka kujifunza. Wafumaji wengine nao waliahidiwa barua kama hiyo wakija. Ulinzi ulikuwa wa Kempe mwenyewe, na hakufungwa kwa tajiri mmoja. Karibu miaka 700 baadaye, viza nyingi hazijafikia hapo.

Msafara mkubwa ulioibadili Afrika Mashariki: reli, 1896 hadi 1901

Kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, serikali ya Uingereza iliajiri takribani watu 32,000 kutoka India kwa mikataba ya miaka mitatu. Walikuwemo vibarua, waashi, maseremala, wahunzi na makarani. Karibu 2,500 walikufa kazini. Mkataba uliwapa nauli ya kurudi kwao, na wengi waliitumia. Takribani 6,700 waliamua kubaki. Mkataba ule wenye mwisho ulizaa jamii iliyodumu, na maduka na karakana zake zilifika hadi bara.

Aliyesherehekewa kuliko wote: mgeni wa milioni, 1964

Ujerumani Magharibi ilianza kuajiri wafanyakazi wa nje kwa mikataba ya kiserikali mwaka 1955, Italia ikiwa ya kwanza. Tarehe 10 Septemba 1964 treni iliyojaa Wareno na Wahispania ilifika stesheni ya Köln-Deutz, na kipaza sauti kikaita jina la Armando Rodrigues de Sá, seremala wa miaka 38. Aliogopa kujitokeza, akidhani anarudishwa kwao. Kumbe ndiye mfanyakazi mgeni wa milioni moja. Alipewa maua na pikipiki ndogo aina ya Zündapp, wapiga picha wakamzunguka, na picha hiyo hujulikana na Wajerumani hadi leo. Pikipiki yenyewe imehifadhiwa katika makumbusho ya historia mjini Bonn.

Miaka michache baadaye aliugua saratani ya tumbo, akarudi Ureno na kumaliza akiba yake kwa matibabu. Hakujua kwamba bima aliyoichangia Ujerumani ilimpa haki ya kusaidiwa. Alifariki mwaka 1979. Hadi mpango uliposimamishwa mwaka 1973, takribani watu milioni 14 walikuwa wameingia Ujerumani, na milioni 11 kati yao walirudi makwao. Kisa cha seremala huyu kinaniuma kwa sababu haki alikuwa nayo. Aliyekosekana ni mtu wa kumweleza.

Ya kwanza kuhesabu alama: Kanada, 1967

Kwa miongo mingi Kanada iliwachagua wahamiaji kwa kuangalia walikotoka. Oktoba 1967 ilianza kuwapima kwa alama, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Jumla ilikuwa 100, na mwombaji alihitaji 50. Elimu na mafunzo vilibeba hadi alama 20, umri hadi 10, Kiingereza na Kifaransa hadi 10. Ofisa wa uhamiaji alikuwa na alama 15 za kutoa kwa jinsi alivyomwona mtu, nyingi kuliko za lugha. Hata hivyo, mwalimu wa Nairobi sasa aliweza kukaa chini na kalamu akajipima kwa kanuni zilezile zilizompima mwalimu wa Glasgow. Australia, New Zealand na Uingereza zilifuata baadaye. Na anayepita mlango huu hupata ukaazi wa kudumu: akiacha kazi leo, kesho bado ni mkaazi.

Mwaliko mpana kuliko wote: Jumamosi ya 13 Februari 2021

Tangu Januari 2015 Kanada huchagua wataalamu kupitia Express Entry, mfumo wa alama zinazofika 1,200. Kabla ya siku hiyo, mialiko mingi zaidi kutolewa kwa mkupuo mmoja ilikuwa 5,000, na wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada walikuwa wakihitaji alama zaidi ya 450. Siku hiyo ilitolewa mialiko 27,332, na alama 75 tu zilitosha. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Uviko-19, na serikali ikawageukia waliokuwa tayari ndani ya nchi wakifanya kazi kwa vibali vya muda. Aliyejaza fomu zake bila matumaini, akaziacha kwenye mfumo, alialikwa. Waliosema watajaza alama zao zikipanda, walikosa.

Yenye ushindani mkali na ada kubwa: H-1B ya Marekani

Viza hii ya wataalamu ilianzishwa na sheria ya mwaka 1990. Kwa waajiri wengi nafasi ni 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 za waliopata shahada ya uzamili au zaidi nchini Marekani. Machi 2023 yalisajiliwa maombi 780,884 kugombea nafasi hizo 85,000, rekodi ya viza hii. Kusajili jina kuligharimu dola 10 tu, na zaidi ya nusu ya maombi yalikuwa ya watu waliosajiliwa na zaidi ya mwajiri mmoja. Mwaka uliofuata kila mtu akaanza kuhesabiwa mara moja katika bahati nasibu inayogawa nafasi hizo, na idadi ikashuka.

Tarehe 19 Septemba 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya wataalamu walio nje ya Marekani. Kiasi hicho anadaiwa mwajiri. Kampuni kubwa huenda ikakimudu, lakini hospitali ya mji mdogo inayotafuta daktari itajiuliza mara mbili. Na kazi ikiisha, mwenye H-1B ana hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka.

Foleni ndefu kuliko zote: Green Card kwa Mhindi

Marekani hutenga takribani Green Card, yaani vibali vya ukaazi wa kudumu, 140,000 kwa mwaka kupitia ajira, wenza na watoto wakiwemo ndani ya hesabu. Kwa kawaida hakuna nchi inayoruhusiwa kuzidi asilimia 7, kwa hiyo India yenye watu zaidi ya bilioni moja ina kikomo sawa na Burundi. Katikati ya mwaka 2025, katika kundi la wenye shahada za juu, Wahindi waliokuwa wakifikiwa ni walioingia kwenye foleni mwanzoni mwa 2013. Mtoto aliyekuja akiwa mdogo anaweza kutimiza miaka 21 kabla ya zamu ya wazazi wake, naye akapoteza nafasi yake katika ombi la familia. Kwa Mtanzania au Mkenya foleni hii huwa fupi zaidi, jambo ambalo waombaji wengi hawalijui.

Mlango uliofunguliwa na kufungwa kwa haraka: walezi Uingereza

Februari 2022 Uingereza iliruhusu nyumba za wazee na wagonjwa kuajiri walezi kutoka nje. Machi 2024 walezi wapya wakakatazwa kuja na wenza na watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Ulidumu miaka mitatu na miezi mitano.

Wengi waliuza shamba au kukopa ili wafike. Serikali ya Uingereza yenyewe ilieleza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii, na zaidi ya walezi 39,000 walihusishwa na waajiri hao. Kosa ni la mwajiri, lakini anayetakiwa kupata mdhamini mpya au kufungasha virago ni mlezi.

Kwa wataalamu wengine wanaoomba viza ya kazi Uingereza, mlango nao ulibanwa: kima cha chini cha mshahara wa kawaida kilipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 Aprili 2024, kisha 41,700 Julai 2025.

Orodha nyembamba kuliko zote

Mei 2022 Uingereza ilianzisha viza kwa wahitimu wa vyuo vikuu bora duniani, nayo haidai ofa ya kazi. Orodha ya kwanza haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Mhitimu wa Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, hata awe wa kwanza darasani, hakuwa na pa kuingilia.

Ahadi iliyotiwa chumvi kuliko zote: Kenya na Ujerumani, 2024

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji mjini Berlin. Mara zikaenea habari za ajira 250,000, na serikali ya Ujerumani ikazikanusha: hakuna idadi yoyote iliyowekwa, na kila mwombaji lazima atimize masharti ya sheria yao.

Lililo kweli ni Kadi ya Fursa, yaani Chancenkarte, iliyoanza Juni 2024. Inampa mtu mwenye taaluma hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa Ujerumani, kwa alama zisizopungua sita, ushahidi wa fedha za kujikimu na kiwango cha msingi cha Kijerumani au Kiingereza kizuri. Anaruhusiwa pia kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki. Haina jina la mwajiri, na hapo ndipo penye nguvu yake.

Panapotegemea wageni zaidi: Ghuba

Katika Falme za Kiarabu karibu watu tisa katika kila kumi ni wageni. Kwa miaka mingi mfumo wa kafala ulimweka mfanyakazi mikononi mwa mdhamini wake. Qatar iliondoa sharti la idhini ya mwajiri ili kubadili kazi mwaka 2020, ikaweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 mwezi Machi 2021. Oman, ambako familia nyingi za Zanzibar zina ndugu, iliondoa barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi tangu 1 Januari 2021. Hatua hizi ni kubwa kwenye karatasi. Kwa msichana wa kazi ambaye pasipoti yake imefungiwa kabatini mwa tajiri, sheria haijafika mpaka aweze kutoka mlangoni.

Ya haraka kufika kwenye ukaazi wa kudumu: Japani

Kwa kawaida mgeni Japani hungoja miaka 10. Tangu Aprili 2017, mtaalamu mwenye alama 80 katika mfumo wa alama wa nchi hiyo anaweza kuomba baada ya mwaka mmoja, na mwenye 70 baada ya mitatu.

Pasipodai viza kabisa: Svalbard

Visiwa hivi vya Aktiki viko chini ya Norway kwa mkataba wa mwaka 1920, na mtu wa taifa lolote anaweza kuishi na kufanya kazi huko bila viza wala kibali. Ila njia ya kawaida hupitia Norway bara, ambako Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, na asiyeweza kujikimu huondolewa.

Ulio karibu zaidi: Jumuiya yetu

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Julai 2010, ikiahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Wahasibu na wasanifu majengo walikubaliana kutambuliana vyeti mwaka 2011, wahandisi 2012. Kenya, Uganda na Rwanda zilifutiana ada za vibali vya kazi. Bado kuna urasimu, lakini ukipoteza kazi Kigali, nauli ya basi inakufikisha nyumbani.

Kabla ya kulipa

Rekodi hizi zinanipa maswali matatu kwa anayejiandaa. Je, viza hii imefungwa kwa mwajiri mmoja? Nikipoteza kazi nina siku ngapi, na bima na michango yangu inakwenda wapi? Ada hii ni ya nani kisheria, yangu au ya mwajiri? Majibu yatafute kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, na wakala mhakiki kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ukiwa Kenya, au kwa TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ukiwa Tanzania Bara. Swali moja likikosa jibu la maandishi, usitoe hata senti.