Anthiasi: samaki wanaokula kutwa na kuishi kwa vyeo

Anthiasi wa rangi ya machungwa, ambaye jina lake la kitaalamu ni Pseudanthias squamipinnis, alielezwa kisayansi mwaka 1855 na Mjerumani Wilhelm Peters, kutokana na samaki waliopatikana Msumbiji. Makazi yake yameenea kutoka Bahari ya Shamu, kupitia pwani ya Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, na upande wa mashariki hadi Japani na Australia. Mpiga mbizi anayeshuka kwenye miamba ya Pemba, Mafia au Watamu humkuta bila kumtafuta: makundi ya samaki wadogo wanaoelea juu ya matumbawe, vichwa vyote vimeelekezwa kule mkondo unakotoka. Kwa muda mrefu wataalamu wamemweka katika familia moja na chewa, ingawa baadhi ya chewa humwinda na kumla.

Jike ana rangi ya dhahabu inayokaribia machungwa na mstari wa zambarau chini ya jicho. Dume ni mkubwa zaidi, huweza kufikia sentimita 15, na mwili wake ni wa zambarau iliyochanganyika na waridi. Ana doa jekundu kwenye pezi la ubavuni, mkia wenye ncha mbili ndefu, na mwiba wa tatu wa pezi la mgongoni uliorefuka kama uzi. Uzuri huo ndio unaomtoa baharini na kumpeleka kwenye matangi ya nyumbani Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Baadhi ya wanaosafirishwa huvuliwa katika pwani ya Kenya, nchi ambayo imeuza nje samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa.

Wengi wa samaki hao hawadumu, na mara nyingi anayelaumiwa ni maji. Maji yana sehemu yake, lakini sababu kubwa zaidi ni mbili: njaa ya polepole, na ugomvi wa vyeo ndani ya kundi.

Chakula cha anthiasi baharini ni wanyama wadogo mno wanaochukuliwa na maji, kama vile kopepodi, mabuu ya kaa na kamba, na mayai ya samaki wengine. Chakula hicho hakiji kwa mkupuo. Hupita kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, na samaki hudona kila kinachomkaribia. Mwili wake umejengeka kwa utaratibu huo: mdomo mdogo, utumbo mfupi, akiba ndogo ya mafuta, na misuli inayofanya kazi muda wote kushindana na mkondo. Mlo mmoja mkubwa wa jioni, ambao chewa angeshinda nao siku mbili, anthiasi hawezi kuutumia vizuri. Sehemu kubwa ya chakula humpita na kuoza kwenye mchanga, na kesho yake mchana tayari ana njaa.

Dalili za njaa huonekana mapema kwa anayejua pa kutazama. Samaki akitazamwa kwa mbele, nyama iliyo nyuma ya kichwa hupungua na mgongo huacha ukingo mkali. Akitazamwa ubavuni, tumbo huwa limeingia ndani. Samaki wa hali hiyo bado hukimbilia chakula kwa pupa, na hapo ndipo mfugaji anapodanganyika, maana huona hamu ya kula ipo na kuhitimisha kwamba mambo ni shwari. Hamu ipo kweli, ila kinachoingia mwilini hakifikii kinachotumika.

Milo mitatu kwa siku ndiyo kiwango cha chini, na kwa samaki waliofika karibuni mitano au sita midogo ni bora zaidi. Uduvi aina ya maisisi waliogandishwa, kopepodi na mayai madogo ya samaki hufaa sana. Uduvi wakubwa aina ya artemia hupendwa lakini wana lishe hafifu, hivyo inafaa kuwalisha kwanza mwani au mafuta yenye omega-3 kabla hawajawa chakula wao wenyewe. Uduvi waliogandishwa huyeyushwa katika kikombe cha maji ya tangi na kumiminwa kwenye chujio la chai, ili maji yao yenye fosfeti yamwagike nje. Kisha hutiwa kidogo kidogo mbele ya pampu ya mkondo, na samaki huwafuata wakiwa wanaelea, kama walivyozoea. Anthiasi wengi hawafuati chakula kilichokwisha kutua chini. Mfugaji anayeshinda kazini anaweza kutumia kilishi cha kujiendesha chenye punje ndogo kavu, mradi samaki wawe wamefundishwa kwanza kuzila.

Lishe ndiyo pia inayotunza rangi. Samaki hawezi kujitengenezea karotenoidi zinazompa rangi ya machungwa na nyekundu. Huzipata kwa kula kamba na kopepodi, ambao wana astaxanthini. Kundi linalolishwa chakula cha aina moja huanza kufifia, na taa ya bei kubwa haiwezi kurudisha kilichopungua mwilini.

Kulisha mara nyingi kuna gharama yake, nayo hulipwa na maji. Kinacholiwa hugeuka kuwa amonia, bakteria huibadili kuwa naitraiti na kisha naitreti, huku fosfeti ikijilimbikiza na mwani kuanza kufunika mawe. Kwa hiyo anthiasi hafai kwa tangi la mwezi mmoja ambalo bakteria wake hawajatulia. Kinachosaidia zaidi ni kichujio cha povu, chombo kinachopuliza viputo vidogo ndani ya safu ya maji: mabaki ya protini hunata kwenye viputo, hupanda juu na kumwagikia kwenye kikombe kama povu la kahawia lenye harufu kali. Wengine huongeza chumba cha pembeni cha kuoteshea mwani, ambao hunyonya naitreti na fosfeti na wakati huohuo huwa makazi ya kopepodi hai. Kubadili asilimia kumi ya maji kila wiki hukamilisha kazi hiyo. Matumbawe yenyewe hayadhuriki na anthiasi, kwa kuwa samaki huyu hayatafuni. Matumbawe laini hata hufaidika na makombo.

Vipimo vingine ni vilevile vya tangi lolote la matumbawe: joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, uzito mahususi wa maji karibu 1.025, na pH kati ya 8.1 na 8.4. Oksijeni inahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa samaki anayeogelea bila kupumzika huihitaji kwa wingi na maji ya joto huibeba kwa uchache. Katika miji ambayo umeme hukatika ovyo, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha lazima. Kifuniko cha wavu pia ni cha lazima: anthiasi akishtuka huruka, na wengi hukutwa asubuhi wamekauka sakafuni.

Sababu ya pili, ile ya vyeo, inatokana na uzazi wao. Anthiasi wote huanza maisha yao ya utu uzima wakiwa majike. Mwaka 1970 Lev Fishelson alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wake juu ya samaki hawa: dume akiondolewa, jike mmoja hugeuka kuwa dume. Miaka kumi baadaye Douglas Shapiro alionyesha katika jarida la Science kwamba madume kadhaa wakiondolewa kwa pamoja kwenye kundi kubwa, idadi ileile ya majike hubadilika, tena kwa kufuatana, mmoja baada ya mwingine. Kundi, kwa maneno mengine, lina namna ya kujua nafasi ngapi ziko wazi.

Mabadiliko hayo huanza kwenye tabia. Jike wa cheo cha juu husimamisha pezi la mgongoni, huwafukuza wenzake na kuwazunguka kwa mwendo wa madume. Ndani ya mwili, kwa kadiri inavyojulikana kwa samaki wa namna hii, estrojeni hushuka na androjeni hupanda. Tishu za mayai hunyauka na nafasi yake huchukuliwa na tishu za mbegu za kiume. Rangi ya zambarau hufuata, na baada ya wiki chache kundi lina dume mpya aliye kamili.

Baharini cheo hulindwa kwa vitisho vingi na majeraha machache, kwa sababu anayefukuzwa ana mwamba mzima wa kukimbilia. Kwenye tangi hana pa kwenda. Kundi la watatu ndilo baya kuliko yote: dume humwandama jike mmoja, jike huyo humwandama wa mwisho, na wa mwisho hukosa chakula hadi afe. Kisha zamu humfikia anayefuata. Dume mmoja na majike watano au zaidi huugawanya ugomvi usimwelemee mmoja, lakini idadi hiyo inataka tangi la lita 400 au zaidi, lenye mapango ya kutosha kila samaki apate pa kulala. Asiye na nafasi hiyo ni afadhali afuge mmoja peke yake kuliko watatu.

Aina pia zinatofautiana sana. P. squamipinnis hula haraka na huvumilia mengi, ila ni mkali. P. bartlettorum wa visiwa vya Pasifiki, mwenye mgongo wa manjano na ubavu wa waridi, ni mdogo na mpole zaidi, na huenda ndiye chaguo bora kwa anayeanza. P. tuka na P. pascalus hupendeza dukani na kuhuzunisha nyumbani, kwani mara nyingi hugoma kula. Vivyo hivyo P. evansi, samaki wa manjano na zambarau anayepatikana pia katika maji ya Afrika Mashariki. Alielezwa mwaka 1954 na J.L.B. Smith, yuleyule aliyeutambulisha ulimwengu kwa samaki aitwaye silikanti mwaka 1939. Wale wanaovuliwa kwenye kina kirefu wana tatizo la ziada: wakipandishwa haraka, kibofu chao cha hewa hutanuka kupita kiasi, na samaki huogelea kichwa chini au kuelea juu bila kujimudu. Samaki wa namna hiyo asinunuliwe, hata kwa nusu bei.

Dukani, ombi la kwanza liwe kuona samaki akila. Wanunuliwe majike wadogo wanaolingana kwa ukubwa, wakae karantini wiki nne au zaidi, kisha waingizwe tangini wote siku moja, taa zikiwa zimepunguzwa, ili asitangulie mmoja na kujimilikisha mahali. Karantini ina faida maradufu. Huzuia ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na Cryptocaryon irritans, ambao hutibiwa kwa dawa ya shaba isiyoweza kutumika kwenye matumbawe kwa kuwa huyaua; na humpa mfugaji nafasi ya kuwazoesha samaki vyakula vipya bila ushindani. Kimelea kiitwacho Uronema ni cha kuogopwa zaidi. Huanza na jeraha jekundu ubavuni, na siku chache hutosha kuua.

Kundi la majike pekee litajipatia dume lenyewe, kwa kawaida yule mkubwa. Dume akifa baadaye, kosa la kawaida ni kukimbilia dukani kununua mwingine. Wakati mgeni anamaliza karantini, jike wa cheo cha juu huwa amekwisha kubadilika, na tangi la lita 400 ni dogo mno kwa madume wawili.