Sanduku la Picha



Mwaka 1925, katika njia ya Broadway mjini New York, Anatol Josepho, mzaliwa wa Siberia, alifungua duka lenye mtambo wa kupiga picha pasipo mpiga picha. Mtu hutia senti 25, akakaa, na baada ya dakika kama nane hupata ukanda wa picha nane. Mwaka 1927 mtambo huo ulinunuliwa kwa dola milioni moja.

Kiti ni cha mtu mmoja, lakini watu wakabanana wawili, watatu, hata wanne, wakitoa ndimi na kubadilishana kofia. Mbele ya mpiga picha mtu hukaza uso. Nyuma ya pazia hana wa kumwonea haya, basi hucheka.

Lakini mtambo ule wa zamani haukutumia filamu. Picha hutoka moja kwa moja juu ya karatasi, ikipotea, imepotea.

Hayo yametupata sisi. Tulikuwa wanne safarini Uingereza, tukajibana katika sanduku la namna hiyo stesheni. Zikatoka picha nne, tukazigawana kwa mkasi. Tatu zimeliwa na mchwa na unyevu. Mwenzetu mmoja ameshafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na wanawe hawana picha nyingine ya baba yao akicheka ila kipande kilichobaki afisini.

Ndugu mlio na picha za wenzetu, zileteni tuzinakili kabla ya mvua za vuli. Zenyewe tutawarudishieni.