Ushabiki wa Muziki wa Mbio na Timu ya Taifa

Katika bweni letu mtu apendaye singeli huitwa mhuni, na mtu aipendaye Taifa Stars kuliko Arsenal huitwa mjinga. Mimi nimepewa majina yote mawili. Kwa kuwa wazazi wengi husoma gazeti hili, na baba yangu ni mmoja wao, naomba nafasi nieleze jinsi mambo haya mawili yalivyo, maana naona watu huyahukumu bila ya kuyajua.

Nianze na Waingereza, kwa sababu ndiko nilikopata fikira hii. Kaka yangu ana kibanda cha kuingiza nyimbo katika memori kadi huko Mwanga, karibu na soko. Likizo moja nilikuta katika kompyuta yake nyimbo za Sex Pistols na The Clash. Huo ndio muziki uitwao panki. Wengi wetu twajua kuwa panki ni mtindo wa kunyoa nywele, na watu wa Mwanza wajua kuwa mapanki ni mifupa ya sangara itokayo viwandani, lakini panki hii ni jambo jingine kabisa. Ilianza kuvuma mjini London mwaka wa 1976. Wakati huo Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja wasio na kazi, na vijana walikuwa wamechoshwa na bendi kubwa zilizopiga wimbo mmoja kwa muda mrefu mno. Basi wakachukua magitaa ya bei ndogo, wakajifunza kushika nyuzi kwa namna mbili tatu tu, wakapiga kwa mbio na kelele, na baada ya dakika mbili au tatu wimbo umekwisha. Hawakungoja wawe hodari ndipo wapande jukwaani.

Mwaka wa 1977, Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 25 ya utawala, Sex Pistols walitoa wimbo wa kukejeli sherehe hizo. BBC ikakataa kuupiga, nao ukapanda hata nafasi ya pili katika orodha ya mauzo. Tena, katika bendi ya X-Ray Spex alikuwamo mwimbaji wa kike aitwaye Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali. Kwa hiyo hata huko Afrika Mashariki ilikuwa na mtu wake.

Sasa, kijana wa London aliyependa panki na mpira alikuwa na taabu ya pili. Timu ya taifa ya England haikwenda katika Kombe la Dunia mwaka wa 1974, wala haikwenda mwaka wa 1978. Mnamo Novemba 1977 iliifunga Italia 2–0 Wembley, zikawa sawa kwa pointi, lakini Italia ikaenda kwa wingi wa magoli. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, kwa kuwa niliona habari zangu mwenyewe.

Singeli yetu ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale. Mama yake ni mchiriku, ambao vijana waliupiga kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika chakavu. Kundi moja la mchiriku, Jagwa Music, lilitoa albamu yake Ulaya mwaka wa 2012. Singeli ikaacha kinanda ikashika kompyuta. Fundi huchukua kipande cha taarabu au cha muziki mwingine, hukikimbiza hata mapigo yapite 200 kwa dakika, kisha mwimbaji humwaga maneno juu yake bila ya kupumua. Msaga Sumu na Man Fongo ndio walioufanya ujulikane nchi nzima. Sioni kuwa ni sawasawa na panki kwa kila jambo. Singeli haimgusi Malkia wala mkubwa yeyote. Inasema kodi ya chumba, deni la dukani, na jirani mmbeya. Lakini asili ni moja, yaani mtu asiye na kitu asiyengoja ruhusa.

Wazee wa hapa Kigoma husema kuwa muziki hasa ni rumba itokayo ng'ambo ya ziwa, na singeli ni makelele. Baba yangu husema hivyo kila likizo, na huongeza kuwa mtihani wa Kidato cha Nne hauna swali la singeli. Hapo siwezi kumbishia.

Hata hivyo baba ana ugonjwa wake. Mwaka wa 1979 Peter Tino alifunga goli Ndola dhidi ya Zambia, na Stars ikaenda Nigeria katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Baba alizaliwa mwaka wa 1981. Alingoja hata tarehe 24 Machi 2019, tulipoifunga Uganda 3–0. Siku ile ushindi peke yake haukutosha. Ilikuwa lazima pia Lesotho isishinde huko Cape Verde. Baba hakuondoka redioni hata tulipopata habari kuwa wametoka 0–0. Nilikuwa mtoto, nikadhani kuna msiba, maana sikuwa nimewahi kumwona akilia. Na huko Misri tukafungwa michezo yote mitatu.

Desemba 2025 nilikuwa likizo. Tarehe 30 tulikwenda pamoja kwenye kibanda umiza kutazama Stars na Tunisia. Feisal Salum akasawazisha, ikawa 1–1, nasi tukavuka makundi kwa mara ya kwanza, ingawa katika mashindano manne hatujashinda hata mchezo mmoja. (Siku tano baadaye Morocco ikatutoa kwa goli 1–0.) Mwenye kibanda akafungulia singeli kwa sauti yote, na vijana wakapanda juu ya mabenchi. Baba alibaki ameketi, mikono magotini. Nilimwuliza kama twende nyumbani, kwa sababu ya kelele.

“Ngoja kwanza wimbo uishe,” akasema.