Utangulizi: Kukata na Kushona Muziki wa Zamani

Elimu hii haikudai ujue kusoma nota wala kupiga gitaa. Inataka sikio na subira.

Tuanze na unachokijua. Mwaka 1991 rapa Saleh Jabir alichana kwa Kiswahili juu ya biti ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice. Biti ni ule muziki wa chini, ngoma na besi, anaouegemea mchanaji. Lakini besi ile ilitoka kwenye "Under Pressure", wimbo wa roki wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Naye Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Sauti ilizunguka dunia, ikarudi kwetu imevaa kanzu nyingine.

Kipande kinachonyofolewa hivyo kwenye rekodi huitwa sampo. Kikirudiwa mfululizo bila mshono kuonekana, huitwa lupu.

Sasa tukatafute sampo yetu Tabora, Kazeh ya zamani, njiapanda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mji huu ulitupa bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukatupa Tabora Jazz alikoimba Shem Karenga. Weka "Dada Asha", wimbo wa Tabora Jazz. Mwache mwimbaji, fuata gitaa la rithimu, lile ambalo hakuna anayelisifia. Linarudia maneno yaleyale machache, kama mpagazi anayehesabu hatua. Hapo ndipo pa kukata.

Wengi hukwama kwenye mwendo. Tuseme wimbo una mapigo 120 kwa dakika, nawe unataka biti ya 90. Ukiupunguza kama santuri inayozungushwa polepole, sauti nayo hushuka karibu nusu toni tano. Binti ataimba kama babu yake! Siku hizi programu ya kompyuta hupunguza mwendo bila kugusa kimo cha sauti. (Mimi huiacha ishuke kidogo, gitaa hupata uzito.) Kwa mapigo 90, vipimo vinne vya mapigo manne manne ni kama sekunde 11. Hizo zinatosha kubeba wimbo mzima.

Kabla ya kuongeza ngoma, chuja sauti nzito za sampo. Usipochuja, besi ya zamani na ngoma yako ya mguu zitagombea nafasi moja, na utasikia mvumo tu. Na kabla ya kuutoa wimbo, tafuta idhini ya mtunzi au warithi wake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndipo pa kuanzia kuulizia.