Kwa Nini Waya wa Ziplaini Huachwa Ulegee

Mkazi wa Kurasini, kando ya bandari ya Dar es Salaam, hahitaji kuhubiriwa nguvu ya waya wa chuma. Winchi za bandarini zinaning'iniza makontena mchana kutwa, na Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa Aprili 2016 kwenda Kigamboni, lina nyaya zinazolishikilia huku malori yakipita. Sasa mtu huyu apande hadi msitu wa Kereita, upande wa kusini wa milima ya Aberdare nchini Kenya, ambako nyaya za ziplaini, zile ambazo watu huteleza juu ya bonde wakining'inia, zikijumlishwa hufika takriban kilomita 2.2. Akiukuta waya umebonyea katikati ya bonde, ana haki ya kuguna. Wa bandarini umenyooka twaa. Huu mbona umelegea?

Hapo ndipo uzoefu wa bandarini unapomdanganya. Kontena la tani 10 likining'inia kwenye waya mmoja, waya huo unabeba tani 10, basi. Waya wa ziplaini umelazwa. Uzito wako unavuta chini, lakini waya unavuta pembeni, kuelekea majukwaa mawili, na ni sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo inayoelekea juu kukubeba. Kadiri waya unavyokaribia kunyooka, sehemu hiyo inazidi kupungua, na waya unalazimika kuvuta zaidi na zaidi ili kukushikilia wewe yuleyule.

Tupige hesabu. Waya una mita 200, na mtu wa kilo 80 amefika katikati. Ukiwa umebonyea mita 10, mvutano ndani yake, tukiacha uzito wa waya wenyewe, ni kama kilo 400. Ukaze hadi ubonyee mita 2 tu, na kilo zilezile 80 zinazaa mvutano wa tani 2. Asiyeamini aanike blanketi lililolowa kwenye kamba ya nguo aliyoikaza sana uani, kisha atazame msumari. Mafundi wanaosifu waya "uliokazwa vizuri" bila kutaja umebonyea kiasi gani, mimi siwapandii.

Na mvutano huo hauishii kwenye waya. Unafika kwenye nguzo au mti ulioushikilia. Mti unaovutwa upande mmoja kutwa nzima unahitaji waya mwingine wa kuurudisha nyuma. Tena mti unanenepa. Waya ukizungushwa moja kwa moja kwenye gome, miaka michache baadaye unaukaba, kwa hiyo huwekwa vipande vya mbao katikati na kukaguliwa mara kwa mara.

Misitu ya kaskazini mwa Tanzania iliwahi kuonja nyaya za namna hii zaidi ya miaka mia iliyopita. Kule Usambara, wakati wa Wajerumani, kampuni ya Wilkins & Wiese ilishusha mbao za mtarakwa kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga, kwa njia ya nyaya ya takriban kilomita 9 iliyotengenezwa na Bleichert wa Leipzig. Katika mitambo ya aina hiyo kuna waya wa kubeba na waya wa kukokota, na kigari huubana huo wa pili, hivyo hakiendi kasi kuliko unavyotaka mtambo. Ziplaini haina waya wa kukokota. Abiria ameachiwa, na mwendo wake unaamuliwa na mteremko, upepo na uzito wake.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kusimama, kuliko kubebwa. Kubonyea kule kunasaidia tena: ukishapita sehemu ya chini kabisa unaanza kupanda kidogo, na mwendo unapungua kabla ya breki. Ila mtu mzito hasumbuliwi sana na hewa, anafika kwa kasi. Mwepesi anaishiwa mwendo njiani na kubaki ananing'inia hadi mwongozaji amfuate, akijivuta kwa mikono kwenye waya. Ndiyo sababu wanakupima uzito. Usione haya kutaja kilo zako za kweli.

Mtazame mwongozaji mikononi. Anaingiza vidole viwili chini ya mkanda wa kila paja, anaukaza, anaifunga kulabu kwenye roda, anazungusha kufuli lake, kisha anaivuta kwa nguvu. Ukihama waya mmoja kwenda mwingine, mkanda wa pili wa kukushikilia unafungwa kwanza ndipo ule wa waya wa kwanza ufunguliwe. Hakuna sekunde utakayosimama jukwaani bila kushikwa na kitu. Halafu anasubiri mwenzake wa upande wa pili aseme kwenye redio kwamba breki iko tayari. Kusubiri huko kunawachosha wageni, hasa wenye simu mkononi, na ni sehemu ya ulinzi kama chuma chenyewe.

Upepo ukigeuka, hesabu ya jana haifai tena, na waya uliolowa kwa ukungu wa mlimani hubadilisha breki. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya mgeni yeyote, mwongozaji hutangulia kuteleza mwenyewe.