Ziwa Nakuru Lina Kumbukumbu Ndefu

Msomaji, ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil utafika Kariandusi, mahali panapochimbwa udongo mweupe kama unga. Udongo huo ni maganda ya dayatomu, yaani mimea ya majini iliyo midogo mno hata huwezi kuiona kwa macho matupu. Maana yake ni kwamba hapo unapopita pakavu palikuwa ziwa, mamia ya maelfu ya miaka iliyopita!

Je, wataalamu hujuaje maji ya kale yalifika wapi?

Ziwa Nakuru na jirani yake Elmenteita hayana mto wa kutoa maji nje. Maji huingia kwa mvua na mito, kisha huondoka hasa kwa kugeuka mvuke. Chumvi hubaki, kama inavyobaki kwenye sufuria maji yanapochemka yakaisha. Basi mvua ikizidi ziwa hupanda, ikipungua hushuka. Ukijua kimo cha ziwa la kale, umejua na mvua ya wakati huo.

Kwanza, wataalamu hutafuta kokoto zilizosuguliwa na mawimbi, juu ya miinuko ambako leo hakuna maji. Kokoto kama hizo zimo chini kabisa ya Gamble's Cave, pango lililo karibu na Elmenteita ambalo Louis Leakey alilichimba miaka ya 1920.

Pili, huzamisha bomba katika tope la ziwa na kutoa kipande kirefu kama muwa. Tope la chini ndilo la zamani zaidi. Wakikuta dayatomu za maji yasiyo na chumvi, ziwa lilikuwa limejaa. Wakikuta za maji ya chumvi, lilikuwa limepungua.

Tatu, hupima kaboni iliyomo katika makome na tope hilo ili kujua umri wake.

Na wamegundua nini? Kwamba miaka 9,000 hivi iliyopita, Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina cha zaidi ya mita 150. Mvua ilipopungua, yakatengana.

Pengine utauliza: haya yanatuhusu nini sisi? Katikati ya miaka ya 1990, Ziwa Nakuru lilikauka karibu lote, na wengi wakadhani linakufa. Lakini kuanzia mwaka wa 2010 lilifura. Lilimeza lango kuu la mbuga, heroe wengi wakahama, na kufikia 2020 familia zilizoishi kando yake zilikuwa zimepoteza nyumba na mashamba. Walioumia hawakujenga ziwani, walijenga pakavu. Ila pakavu hapo pamewahi kuwa ziwa, tena zaidi ya mara moja.

Kwa hivyo wewe mzazi unayetafuta ploti karibu na ziwa la Bonde la Ufa, usitosheke na hati ya shamba. Waulize wazee wa hapo maji yaliwahi kufika wapi. Nanyi wanafunzi, mkienda ziara huko, tazameni miinuko kwa makini. Mkiona kokoto laini za mviringo mbali na maji, mwulizeni mwalimu zilifikaje pale.