Tippu Tip na Mwandishi wa Maisha Yake

Katika historia ya nchi jirani ya Kongo, ni majina machache yanayobishaniwa kama la Tippu Tip. Wengine humsifu kwa ushujaa wa misafara. Wengine humlaani kwa biashara ya watumwa. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, leo Kisangani, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Mjerumani Heinrich Brode, aliyefanya kazi Unguja katika ubalozi mdogo wa nchi yake, ndiye aliyemhimiza mzee huyo kuandika habari zake. Aliziandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Brode akazitafsiri kwa Kijerumani, kisha mwaka 1905, mwaka aliofariki Tippu Tip, akatoa kitabu cha maisha yake. Katika anwani yake alimwita mtawala wa mabavu. Mwaka huo huo wananchi wa kusini mwa koloni la Wajerumani walipigwa risasi katika Vita vya Maji Maji.

Basi mshitakiwa alisema, na mwamuzi alisema. Waliofungwa minyororo hawakuulizwa. Msomaji wa kitabu chochote cha maisha ya mtu mashuhuri hana budi kuwatafuta hao kwanza.